Besi Huacha Mahali pa Kutua

Kabla hamjanisikiliza, vijana wangu, fanyeni jambo moja. Wekeni ndani ya nyumba wimbo wowote wa zamani wa disko au wa soul, ongezeni sauti, fungeni mlango, kisha tokeni nje mkasimame nyuma ya ukuta. Mwimbaji atapotea kwanza. Matarumbeta yatabaki kama nyuki waliofungiwa ndani ya chupa. Kitakachowafikia kikiwa kizima ni kitu kimoja tu, kinachotembea chini chini kama mtu anayepita chumba cha pili bila viatu, asiye na haraka wala mashaka. Hiyo ndiyo besi. Aliyeipiga hammjui. Hata mimi simjui, ingawa nimeishi naye miaka yangu yote ya kazi.

Mwaka huu nimeliweka gitaa chini, na wengi mmeniuliza sababu, kwa kuwa mvi zangu bado ni za kutafuta. Sababu ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho kimeanza kukataa kukunjuka asubuhi za baridi. Na Mbulu, kama mnavyojua, haina upungufu wa asubuhi za baridi. Kazi yangu ilikuwa kupiga besi studio. Kwaya ilipokuja mjini kutoka Tlawi au Nambis ikiwa na sauti nzuri na mpiga kinanda, lakini haina mpiga besi, mwenye studio alinipigia simu. Nilikuja, nikausikiliza wimbo, nikaupigia, nikarudi nyumbani kupika. Kwenye jalada la kanda, na baadaye la sidii, mliwaona mwalimu wa kwaya, mchungaji, pengine hata dereva aliyewaleta. Mpiga besi hamkumwona. Sisemi haya kwa kulalamika. Nayasema ili mjue nimetoka katika ukoo gani.

Ukoo huo ulianzia mbali na hapa, katika miji ya ng'ambo, kwenye vyumba visivyo na madirisha. Watu waliingia asubuhi kama waendavyo mafundi kiwandani, wakakutana na mwimbaji ambaye pengine hawakuwahi kumwona, wakasikilizishwa wimbo, wakatafuta njia ya kuubeba. Jioni walikwenda zao. Dunia nzima ikacheza, na wachezaji wakalijua jina la mwimbaji. Nimewasikiliza watu hao kwa heshima ambayo wengine huiweka kwa washairi. Mmoja ataipiga sentensi ileile ya sauti tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na kila inaporudi inarudi kama jirani yuleyule aliyevaa koti jingine. Mwingine huchelewa kidogo sana kuingia, uchelewaji wa mtu anayejua kwamba atasubiriwa. Na wote, wote kabisa, wanajua kuondoa kidole kwenye uzi kabla sauti haijanenepa. Kupiga ni rahisi kujifunza. Kuondoa kidole kwa wakati ni kazi ya maisha.

Aliyenionyesha mlango wa ukoo huo alikuwa Mzee Bura wa Bashay. Ujanani alipiga besi katika bendi ya dansi mjini Arusha. Nilipomfahamu alikuwa amerudi kwao kulima vitunguu saumu, na mikono yake ilinukia hivyo hata alipokuwa ameoga kwa ajili ya ibada. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nafundisha sekondari na kupiga kinanda kwaya ya vijana. Nilikwenda kwake na gitaa la kuazima, nikiwa nimeandaa maelezo marefu ya kwa nini mwanamke asizuiwe kupiga besi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja na gitaa au umekuja na maneno?"

"Nimekuja na vyote viwili."

"Maneno mpelekee mama pale jikoni, atajua pa kuyaweka. Gitaa lilete huku."

Hakunigusisha uzi siku hiyo. Aliwasha redio kaseti chumbani, akaufunga mlango, akanikalisha nje nyuma ya ukuta na kikapu cha vitunguu saumu vya kusafisha. "Ukisikia huyo bwana wa besi amefanya jambo jipya," akasema, "weka kitunguu kimoja pembeni." Wimbo ulipokwisha alikuja kutazama fungu langu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Vingi mno hivi! Mengine umemsaidia mwenyewe. Sasa rudia. Safari hii weka kitunguu anaponyamaza."

Nilirudia. Fungu likawa kubwa kuliko lile la kwanza, na safari hii hakucheka. Alikichukua kitunguu kimoja, akakigeuzageuza, akaniambia kwamba hapo ndipo mpiga ngoma anapoweka mguu wake, na kwamba besi isiyompisha mtu mguu haifai kualikwa popote. Siku nyingi nilidhani ni utani wa wazee. Nitawaambia ni lini nilijua kwamba haukuwa utani, lakini kwanza nipeni nafasi niwagawie mambo madogo ya ufundi, kwa maana yanasahaulika haraka kuliko makubwa.

Umeme ukikatika, msiache kujifunza. Wekeni taya juu ya ubao wa gitaa, pale kwenye pembe ya juu, kisha pigeni. Sauti itapanda kupitia mfupa na kuwajaa kichwani, na jirani hatasikia kitu. Nimejifunza nyimbo nzima kwa taya. Tena, mkitaka sauti fupi yenye kifua kama ya kanda za zamani, kateni kipande cha sponji la godoro, mkiingize chini ya nyuzi karibu na mkono wa kulia. Mabwana wa ng'ambo nao walifanya hivyo. Sisi tulitofautiana nao kwa godoro tu.

Nyuzi je? Zamani nyuzi za besi zilikuwa adimu huku. Zikizeeka zinakuwa bubu, kwa sababu ya jasho na uchafu uliojibana ndani ya mizunguko yake. Mzee Bura alinifundisha kuzichemsha. Siku moja niliziweka sufuriani, nikatoka kuchota maji, na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Nambis, akafunua kifuniko. Nilimkuta amesimama na mwiko mkononi.

"Mama Neema," akaniuliza kwa upole wa kutisha, "hizi tambi zinaiva lini?"

"Hizo si chakula, mama. Ni nyuzi za gitaa."

"Ahaa. Na mwanangu anajua kwamba unapika magitaa?"

Hadithi hiyo ilifika Nambis kabla yeye mwenyewe hajafika. Lakini nyuzi zilifufuka, na Jumapili iliyofuata, besi ilipoingia kanisani, nilimwona mama mkwe akitikisa bega moja kwa siri.

Sasa nije kwa Mama Gidamis.

Alikuwa mwanamke wa Kibarbaig kutoka tambarare za chini ya mlima Hanang, mtu wa ng'ombe, ambaye sifa ya kuimba kwake ilikuwa imepanda hadi kwetu milimani. Wimbo wake mkubwa aliutunga mwenyewe. Ndani yake aliwasifu ng'ombe aliopewa na baba yake siku ya kuolewa, mmoja mmoja kwa rangi na tabia, na ndama waliotokana nao. Alikuwa na uvimbe shingoni uliokuwa ukikua, na daktari alikuwa amemweleza waziwazi: upasuaji ungemponya, lakini uvimbe ulikuwa umekaa karibu mno na nyuzi za sauti, na juu ya sauti hakuweza kumwahidi kitu. Siku aliyofika kwetu, alitakiwa kulazwa kesho yake. Binti yake Anna, muuguzi, ndiye aliyemleta studio yetu ya mjini Mbulu pamoja na wanawake wawili wa rika la mama yake, ili wimbo urekodiwe sauti ikiwa bado ni yake.

"Na besi iwepo," Anna aliniambia mlangoni. "Watoto wangu wanacheza miziki ya simu tu. Nataka siku moja waucheze huu bila kulazimishwa."

"Shikamoo, mama," nikamwamkia Mama Gidamis.

"Marahaba." Kiswahili chake kiliishia karibu na hapo. Alinishika mkono, akazibonyeza ncha za vidole vyangu, ngumu kama punje za mahindi makavu, akasema jambo kwa Kidatoga, lugha yao, na wenzake wakacheka.

"Anasema una mikono ya mtu anayekamua," Anna akatafsiri. "Hiyo ni sifa."

Mwenye studio, Emanueli, alikuwa fundi makini sana, na siku hiyo umakini wake nusura utuponze. Wanawake wale wanapoimba huruka. Hupanda wima, miili imenyooka, na wanapotua bangili za shaba zilizojipanga mikononi hulia pamoja. Emanueli alisikia vishindo vyao kwenye sakafu, akaona mshale wa mashine yake unakwenda kwenye wekundu, akaomba waimbe wakiwa wamesimama tuli na wavue bangili.

"Hazivuliwi," Anna akasema. "Zilivalishwa na mhunzi."

Basi tukazifunga bangili kwa vitambaa, wanawake watatu wakasimama kama watu wanaopimwa nguo, Emanueli akawasha ngoma ya kinanda, nami nikapiga besi ya disko niliyojivunia, nzito, kila pigo mahali pake. Mama Gidamis aliimba ng'ombe wa kwanza, akaimba wa pili, akanyamaza. Akajaribu tena. Sauti ilikuwa sahihi, na ilikuwa imekufa. Alinitazama, kisha akamwambia bintiye maneno machache kwa sauti ya chini.

Anna aliona haya kutafsiri. "Anasema... kuna mtu anatua juu ya miguu yake."

"Lakini hata haruki," Emanueli akasema.

Anna akauliza. Jibu lilikuja upesi. "Anasema anaruka. Ninyi ndio hammwoni."

Alikohoa, akaishika shingo yake kwa kiganja. Nje mawingu yalikuwa yameanza kuja upande wa studio, na studio ile ilikuwa na paa la bati: mvua ikianguka hakuna kinachorekodika isipokuwa mvua yenyewe. Emanueli alichungulia mlangoni. "Mwalimu," akaniambia, "tukipata mara moja tumeshukuru. Lile koo halina mara nyingi, na hili wingu halina subira."

Hapo ndipo nilipokumbuka kikapu cha vitunguu.

Nilimwomba azime ngoma ya kinanda. Nikamwomba afungue vile vitambaa na awaache waruke. "Maikrofoni itatetemeka," akasema. Nikamwuliza kama lazima isimame chini. Alifikiri, kisha, nampa sifa yake yote, akapanda juu ya meza, akaining'iniza kwa kamba kwenye boriti, mbali na sakafu. Lakini sasa spika ya besi ingeingia kwenye maikrofoni hiyo. Kwa hiyo spika tuliitoa mimi na yeye hadi barazani, tukaufunga mlango, na mimi nikakaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya ukuta, waya mmoja wa gitaa ukipita chini ya mlango hadi kwenye mashine, sauti ya spika ikiwa ndogo ya kupita kwenye matofali tu ili wanawake waisikie.

Kutoka pale sikuweza kumwona mtu yeyote. Maneno ya wimbo hayakunifikia, na hata sauti ya Mama Gidamis ilikuja nyembamba kama ya mtu aliye ng'ambo ya bonde. Lakini miguu niliisikia. Ukuta uliniletea miguu peke yake, safi kabisa: kishindo, halafu kimya kirefu wakiwa hewani, halafu kishindo. Nikaelewa kwamba mguu wa mpiga ngoma ulikuwa umekwisha kuwapo tangu mwanzo, na kwamba mimi, kwa besi yangu ya kujivunia, nilikuwa nimemkalia mwenye nyumba kwenye kiti chake.

Nikaacha kupiga kwenye kishindo. Nilipiga walipokuwa hewani, sauti chache zinazopanda kuelekea chini yao kama mtu anayekunja blanketi na kuliweka, na kila walipokaribia kutua niliondoa kidole. Kishindo kikaanguka kwenye kimya changu na kukijaza. Raundi ya kwanza nilikuwa naogopa. Ya pili, nilisikia upande wa pili wa ukuta mtu akipiga kigelegele. Kisha sauti ya Mama Gidamis ikabadilika. Sikuhitaji kuyasikia maneno ili kujua. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepata mahali pa kukanyaga. Aliwapitia ng'ombe wote. Aliporudia ndama wa mwisho, matone ya kwanza yalianza kugonga bati, na Emanueli akaniambia baadaye kwamba matone hayo yamo kwenye rekodi, na kwamba alikataa kuyafuta.

Hiyo ndiyo siri ya wale mabwana wa studio za mbali, kama nilivyokuja kuielewa nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Tunawasifu kwa sauti walizopiga, nami nimezisifu hapo juu. Lakini walichokuwa wakikijenga hasa ni nafasi. Waliingia katika chumba cha mtu wasiyemjua, wakasikiliza mguu wake unaanguka wapi, wakampisha. Ndiyo maana mtu wa Hanang na mtu wa upande wa pili wa dunia wanaweza kuucheza wimbo uleule: kila mmoja amekuta mahali pake pameachwa wazi.

Upasuaji ulifanikiwa. Mama Gidamis alipona, na sauti yake haikurudi jinsi ilivyokuwa. Inatoka kama mnong'ono wenye mchanga. Anaongea, anagombeza ndama, anacheka, haimbi.

Nanyi leo mnachora besi kwa kidole kwenye kioo cha simu, na mimi sina neno baya juu yake. Nimekaa na baadhi yenu, nimesikia mambo ambayo ningetamani kuyapiga. Ila kumbukeni kwamba besi ya kuchorwa haichoki wala haihitaji kupumua, hivyo haitawakumbusha kunyamaza. Itabidi mkumbuke wenyewe. Na kabla hamjamfungia mwimbaji pigo mlilolitengeneza nyumbani, mwombeni kwanza aimbe bila chochote, nanyi mtazame miguu yake. Hata aliyesimama tuli, kama nilivyoambiwa siku ile, huenda anaruka.

Juzi Anna alinialika arusi huko kwao, chini ya Hanang. Nilifika mchana, jua likiwa kali na vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu. Vijana walikuwa wamekusanyika nyuma ya nyumba, mbali na wazee, wakiwa na simu moja waliyoiweka ndani ya bakuli la bati ili isikike zaidi. Nilitambua wimbo kabla sijakaribia. Walikuwa wakiruka, wasichana na wavulana, wengine wamevaa raba, na hakuna aliyekuwa amewalazimisha.

Nilisogea kusikiliza besi yangu. Haikuwapo. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha; haiwezi kuibeba. Sauti zote nilizozipiga juu ya ile ndoo zilikuwa zimebaki ndani ya simu, hazina pa kutokea. Lakini watoto wale walikuwa wakitua. Walitua wote kwa pamoja, kila mara, kwenye kile kimya nilichokiacha.

"Shikamoo, mama," msichana mmoja akaniambia huku akihema. "Samahani, sogea kidogo, hapo ndipo tunapotua."

"Marahaba, mwanangu." Nikasogea.

"Unaujua huu wimbo?"

"Naujua kidogo."

"Ni wa bibi yangu," akasema, na akarudi hewani.

Mkono ulinishika kwa nyuma. Ulikuwa na bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, na vidole vyake vilitafuta ncha za vidole vyangu na kuzibonyeza, kimoja kimoja, mpaka vikafika kwenye kile cha pete kisichokunjuka vizuri. Mama Gidamis alikitazama, akatikisa kichwa, akanipigapiga mgongoni. Kovu lilikuwa jembamba shingoni mwake. Kutoka kwenye bakuli la bati sauti yake ya zamani ilikuwa ikimsifu ng'ombe mwekundu.

Akaninong'oneza kwa Kiswahili, safari hii bila mkalimani: "Ruka."

"Mama, mimi ni mtu wa kukaa nyuma ya ukuta."

"Leo hakuna ukuta."

Akanivuta katikati ya wajukuu zake. Tukapanda pamoja, yeye na mimi, na nilipokuwa juu sikuwa na uzi wa kushika wala kidole cha kuondoa. Nikashuka. Bangili zake zikalia, miguu yetu ikagonga vumbi mahali palepale nilipopaacha wazi, na pakanitosha.